Palanpur: kijiji kilichohesabiwa kaya kwa kaya

Fungua majedwali ya sensa ya India ya mwaka 2011, tafuta kijiji chochote cha jimbo la Uttar Pradesh, utakuta mstari mmoja wa tarakimu. Kaya kadhaa, wanaume kadhaa, wanawake kadhaa, watoto wa chini ya miaka saba, wanaojua kusoma, wanaofanya kazi. Halafu zipo safu mbili ambazo mgeni huzipita tu: watu wa jati zilizoorodheshwa na watu wa makabila yaliyoorodheshwa, yaani makundi ya kuzaliwa yaliyodharauliwa zamani ambayo serikali huyatengea nafasi. Mstari huo ni sahihi, lakini haukuambii nani ana shamba na nani analimia wenzake, nani alizaliwa hapo na nani aliletwa kwa ndoa, wala kwa nini watu waliongezeka mara mbili na kijiji bado hakijafurika.

Sensa hiyo ilihesabu zaidi ya vijiji laki sita na watu wapatao milioni 833 wanaoishi vijijini. Vijiji ambavyo tunaweza kuingia ndani ya mstari wao na kuona watu ni vichache sana. Palanpur ni kimojawapo, na kwa maoni yangu hakuna kinachofundisha zaidi kwa mtu anayetaka kujua kijiji cha kaskazini mwa India kimeundwa na nani.

Kijiji chenyewe

Tuondoe kwanza mkanganyiko. Upo mji mkubwa uitwao Palanpur huko Gujarat, jimbo walikotoka wengi wa Wahindi tunaowajua Afrika Mashariki, wa Kachchh na Kathiawar. Huu si huo. Palanpur ninayoizungumzia ni kijiji cha wilaya ya Moradabad, magharibi mwa Uttar Pradesh, kwenye tambarare ya mto Ganga, mwendo mfupi kutoka mji wa Chandausi. Hakina hekalu maarufu wala shujaa aliyezaliwa hapo. Kina ngano, miwa na uwele, na kina jambo moja ambalo tutalirudia: stesheni ya reli ya Jargaon iko mlangoni pake, katika njia ya treni kati ya Moradabad na Chandausi.

Mwaka 1957–58 watafiti wa uchumi wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Delhi walikipita nyumba kwa nyumba. Wakarudi 1962–63. Mwaka 1974–75 wakaja wanauchumi wawili kutoka Uingereza, Christopher Bliss na Nicholas Stern, huyu Stern ambaye dunia ilikuja kumjua mwaka 2006 kwa ripoti yake ya uchumi wa mabadiliko ya tabianchi. Mwaka 1983–84 Jean Drèze, Mbelgiji wa kuzaliwa ambaye baadaye alichukua uraia wa India, alihamia kijijini akakaa humo pamoja na mwenzake Naresh Sharma. Wakaja tena 1993. Kisha timu iliyoongozwa na mwanauchumi Himanshu ikarudi kuanzia 2008. Kila mara iliandikwa kaya moja baada ya nyingine, kwa hiyo mjukuu wa leo anaweza kufuatwa hadi kwa babu wa mwaka 1957. Hazina ya namna hiyo ni adimu popote duniani.

Watu 960 wa mwaka 1983–84

Tuchukue hesabu ya Drèze na Sharma, maana ndiyo iliyoandikwa kwa undani zaidi. Kaya 143, watu 960.

Katika hao, Thakur walikuwa kaya 30 zenye watu 217. Murao walikuwa kaya 27, nao pia watu 217. Jatab walikuwa kaya 19 zenye watu 118. Teli kaya 16, watu 92. Passi kaya 15, watu 85. Gadaria kaya 12, watu 85. Dhimar kaya 13, watu 70. Dhobi kaya nne, watu 28. Waliobaki, kaya saba zenye watu 48, walitoka katika jati ndogo ndogo.

Haya majina ni ya jati, makundi ya kuzaliwa ambamo mtu anaoa na kuolewa, na ambayo kwa desturi yalikuwa na kazi zake. Thakur ni watu wa upanga na ardhi, waliozoea kutawala. Murao ni wakulima, na wanajivunia ukulima kiasi kwamba Thakur mwenye kuona aibu kushika plau huwashangaza. Gadaria walikuwa wachungaji wa kondoo na Dhimar wachota maji. Teli walikamua mafuta, Dhobi wakafua nguo za watu, Passi wakasuka mikeka. Jatab walishika kazi ya ngozi, na kwa sababu hiyo waliwekwa chini ya wote, miongoni mwa wale ambao zamani kuguswa nao kulihesabiwa unajisi.

Sasa soma tena tarakimu hizo polepole. Jati mbili tu, Thakur na Murao, ni karibu nusu ya kijiji. Zimelingana kwa idadi mpaka mtu mmoja, na haziko sawa kwa lolote jingine. Heshima ya jadi iko kwa Thakur, mashamba mengi na bidii ya kuyalima viko kwa Murao. Siasa zote za Palanpur kwa nusu karne zinapita katika ufa huo. Anayetazama kijiji hiki kama ngazi, Brahmin, jati ya makuhani, juu na Jatab chini, ataukosa mvutano wenyewe. Ngazi ipo, lakini palipo na moto ni pale katikati, ambapo jati yenye jina inatazamana na jati yenye mali.

Kuna jambo jingine limejificha humo. Gawanya watu kwa kaya. Murao wanapata watu wanane kwa kaya, Thakur saba na kidogo, Jatab sita na ushei, Teli na Passi chini ya sita, Dhimar watano na ushei. Tumezoea kusikia kwamba familia kubwa ni ya maskini asiyepanga uzazi. Hapa mambo yamegeuka. Kaya kubwa ni ya mwenye shamba, kwa sababu shamba ndilo linalowafunga ndugu pamoja: baba akiwa hai, wana walioa na wake zao na watoto wao wanakula chungu kimoja, wanagawana ng'ombe na pampu ya kisima. Asiye na shamba hana cha kuwashikilia wanawe. Kijana akioa anajitenga na kutafuta kibarua chake. Kwa hiyo ukubwa wa kaya katika kijiji kama hiki ni kipimo cha ardhi kabla ya kuwa kipimo cha uzazi.

Na dini? Teli na Dhobi wa Palanpur ni Waislamu. Jumla yao ni watu 120, yaani mmoja kati ya wanane, katika wilaya ambayo Waislamu wanakaribia nusu ya watu wote. Ndiyo, Waislamu wana jati. Wahubiri wa Kiislamu na wa Kihindu watakuambia haiwezekani, lakini nenda kamuulize Teli kama atamwoza bintiye kwa Dhobi.

Nusu ya watu wazima hawakuzaliwa hapo

Kaskazini mwa India ndoa ya Kihindu ina sheria mbili zinazovutana. Uoe ndani ya jati yako, na uoe nje ya kijiji chako. Vijana waliokulia kijiji kimoja huhesabiwa kuwa ndugu. Matokeo yake ni kwamba karibu kila mke utakayemkuta Palanpur aliletwa kutoka kwingine, na karibu kila binti aliyezaliwa humo ameshaondoka au anangoja kuondoka.

Hili huwa halipewi uzito wake. Wanaume wa kijiji wana baba zao, ndugu zao, marafiki wa utotoni na mashamba hapo hapo. Mke anafika katika nyumba ya watu asiowajua, anajifunika uso mbele ya baba mkwe na mashemeji wakubwa, na ndugu zake wako mbali. Katika nyumba za Thakur, kutotoka kwenda shambani ndiyo heshima yenyewe, na kadiri nyumba inavyojiona bora ndivyo mlango unavyofungwa. Mwanamke wa Jatab anatoka kwenda kuvuna mashamba ya watu. Ana uhuru wa kutembea ambao mke wa Thakur hana, ila ameupata kwa sababu ya njaa, na hakuna anayemwonea wivu.

Ardhi nayo haimfuati binti. Marekebisho ya sheria ya urithi ya Wahindu ya mwaka 2005 yaliwapa mabinti haki sawa na ndugu zao wa kiume, lakini mashamba ya Uttar Pradesh yalibaki chini ya sheria za jimbo, na hizo kwa miaka mingi zimemtanguliza mwana wa kiume na mjane, na kumweka binti aliyeolewa nyuma yao. Familia isiyo na mtoto wa kiume haina mrithi wa shamba wala wa kuwatunza wazee, kwa kuwa mkwe yuko kijiji kingine. Ndiyo maana hesabu za jimbo zima zimepinda. Mwaka 2011 kulikuwa na wanawake 912 kwa kila wanaume 1,000, na kwa watoto wa chini ya miaka saba wasichana 902 kwa wavulana 1,000. Katika Palanpur pia wanaume wamewazidi wanawake tangu hesabu ya kwanza. Wengi huusema huo ubaguzi kama ukatili wa moyo tu. Mimi naona umejengwa ndani ya mpangilio wa nani anakaa na nani anaondoka, na mahubiri peke yake hayatauvunja.

Watu mara mbili, ardhi ile ile

Mwaka 1957–58 kijiji kilikuwa na watu 528 katika kaya 100. Mwaka 1983–84 ni 960. Mwaka 1993 ni 1,133 katika kaya 193. Duru ya 2008 ilikuta watu wapatao 1,250 katika kaya zaidi kidogo ya 230. Ardhi haikuongezeka hata hatua moja.

Ukikokotoa, robo karne ya kwanza watu waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 2 kila mwaka. Miaka 15 ya mwisho, kwa chini ya asilimia 1. Waliodhani Palanpur itaongeza watu mpaka ishindwe kujilisha walikuwa na sababu ya kudhani hivyo mwaka 1963. Mambo matatu yakaingia kati.

La kwanza ni maji na mbegu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 karibu nusu ya mashamba yalimwagiliwa, kwa magurudumu ya kuvuta maji yaliyozungushwa na ng'ombe. Miaka ya 1970 ilipofika katikati, karibu yote yalimwagiliwa, kwa injini, na ngano ya mbegu mpya ilikuwa imeingia. Shamba lile lile likazaa zaidi. Waliofaidi kwanza ni Murao, maana walikuwa na ardhi na hawakuona haya kuingia tope. Tahadhari moja kwa msomaji wa takwimu: msimu wa 1974–75 ulikuwa wa neema isiyo ya kawaida na ule wa 1983–84 ulikuwa mbaya. Ukilinganisha miaka hiyo miwili bila kujua hilo, utatangaza kwamba kijiji kilifukarika.

La pili ni uzazi kushuka. Takwimu za jimbo zinatosha: mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanamke wa Uttar Pradesh alikuwa akizaa watoto karibu watano kwa wastani. Utafiti wa kitaifa wa afya ya familia wa 2019–21 ulikuta ni 2.4.

La tatu ni treni, na hapa ndipo kisa kinaponoga. Mtu wa Palanpur anaweza kupanda treni Jargaon asubuhi, akafanya kazi kwenye karakana za vyombo vya shaba za Moradabad au sokoni Chandausi, akarudi kulala kwake. Wengine hukaa miezi kwenye matanuri ya matofali, familia nzima ikifyatua, kisha hurudi. Wengine walihama moja kwa moja. Passi, wasuka mikeka wale waliokuwa kaya 15, walipungua sana kwa kuondoka. Kwa sensa, anayelala kijijini ni mkazi wa kijijini. Kumbe mshahara wake, marafiki zake wapya na mipango ya mwanawe vyote viko mjini. Kijiji kilipunguza mzigo wa watu bila wengi wao kuhama. Angalia pia kaya: zimeongezeka haraka kuliko watu. Kutoka watu karibu saba kwa kaya mwaka 1983, mwaka 2008 walikuwa watano na ushei. Mshahara wa mjini hauwafungi ndugu pamoja kama shamba. Kila kijana anayelipwa kwa jina lake anataka chungu chake.

Kazi za jadi nazo zilikufa bila tangazo. Pampu ya mkono ilipochimbwa uani, Dhimar hakuwa tena na maji ya kumchotea mtu. Mashine za mjini zilimaliza ukamuaji wa Teli. Majina ya jati yamebaki, ndoa zinafuata majina hayo, kazi zimeshakwenda zake. Teli wengi waligeukia biashara na kazi za kujiajiri, na kwa namna fulani walijikomboa mapema kuliko waliokuwa na vipande vidogo vya ardhi vya kung'ang'ania.

Jatab, na shule isiyo na mwalimu

Kwa miongo minne watafiti waliokuja Palanpur waliandika jambo lile lile kuhusu Jatab: wako nyuma. Nyumba zao upande wao, mashamba yao machache, elimu yao karibu hakuna. Mapinduzi ya ngano yaliwafikia kama vibarua tu.

Shule ya serikali ilikuwepo, ila mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwalimu wake alikuwa mtoto wa mkuu wa kijiji na alionekana darasani kwa nadra. Nani angemshtaki, na kwa nani? Wenye uwezo walipeleka watoto kwingine au waliwafundisha nyumbani. Asiye na uwezo alinyamaza. Mwaka 1993 wanaume waliojua kusoma walikuwa yapata asilimia 37 na wanawake 9, na wanawake wa Jatab walikuwa mkiani kabisa. Takwimu ya taifa ya kujua kusoma huwa inazungumzwa kana kwamba ni mvua, inanyesha sehemu fulani zaidi na fulani kidogo. Palanpur inaonyesha kwamba ilikuwa suala la nani anamwajibisha nani ndani ya kijiji chenye watu elfu moja.

Duru ya 2008 ndiyo iliyoleta habari mpya. Kwa mara ya kwanza baadhi ya kaya za Jatab zilikuwa zimepanda, na ngazi waliyopandia haikuwa shamba wala shule. Ilikuwa vibarua vya nje: ujenzi, matofali, viwanda vidogo. Mwajiri wa mjini hamuulizi mtu babu yake alikuwa nani, au walau haulizi kwa ukali ule. Katika miaka hiyo hiyo tofauti ya kipato kati ya kaya iliongezeka, hata ndani ya jati moja. Kuna Murao tajiri na Murao hohehahe, na hiyo haikuonekana sana mwaka 1957. Mimi nisingeita hali hii usawa. Jatab aliyepata fedha ya matofali bado hawezi kununua shamba kirahisi, kwa sababu wenye mashamba hawauzi, na kazi yenyewe ni ya kuvunja mgongo isiyo na uhakika wa kesho.

Safu zinazokosekana

Turudi kwenye sensa. India ilihesabu jati zote na kuzichapisha kwa mara ya mwisho mwaka 1931, chini ya Waingereza. Tangu sensa ya 1951 serikali imehesabu zile zilizoorodheshwa tu, kwa ajili ya nafasi zilizotengwa katika ajira, vyuo na viti vya uwakilishi. Kwa Palanpur ina maana Jatab wanaonekana katika jedwali, lakini Thakur na Murao wanamwagwa katika kapu moja la waliobaki, pamoja na Gadaria, Dhimar na Teli. Ule mvutano wa jati mbili zilizolingana kwa idadi, ambao ndio uti wa mgongo wa kijiji, haupo kwenye karatasi ya serikali.

Dhobi wana kisa chao. Agizo la katiba la mwaka 1950 liliwapa hadhi ya jati iliyoorodheshwa Wahindu peke yao. Masingasinga wakaongezwa 1956, Wabudha 1990, Waislamu bado. Dobi Mhindu wa Uttar Pradesh yumo katika orodha hiyo. Dobi Mwislamu wa Palanpur, mwenye beseni lile lile na wateja wale wale, hayumo.

Tarehe 30 Aprili 2025 serikali ya India ilitangaza kwamba sensa ijayo itauliza jati ya kila mtu, na tarehe ya rejea ikapangwa kuwa 1 Machi 2027. Wanaounga mkono wanasema haki haigawiwi bila hesabu. Wanaopinga wanaogopa kwamba kuhesabu ni kukoleza mgawanyiko. Mimi niko na wa kwanza, kwa sababu ya Palanpur: watafiti walihesabu jati humo tangu 1957, na ni kwa hesabu hiyo tu tulijua kwamba ngano iliwapita Jatab kwa miaka 40. Ila safu ya jati peke yake haitajibu maswali mawili ambayo kijiji hiki kimeyafanya kuwa muhimu kuliko yote, yaani shamba ni la nani hasa ndani ya kaya ya ndugu watano, na mtu anayelala Palanpur anakula mshahara wa mji gani.